Kabla ukuta wa kituo cha data haujapanda

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Tanzania nzima. Mikongo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ilikuwa imepata hitilafu kwa wakati mmoja, na walioumia ni watu ambao wengi wao hawajawahi hata kusikia majina hayo: dereva anayepata abiria kwa simu, duka linalopokea malipo kwa mtandao, mwanafunzi aliyekuwa na kazi ya kutuma kabla ya usiku wa manane. Swali lililozuka siku zile bado lina uzito. Kwa nini picha, barua na hesabu za mtu wa Sinza, zinazosomwa na mtu wa Tandika, ziwe zimehifadhiwa Ulaya na kufika kwetu kupitia nyaya zilizolala chini ya bahari?

Sehemu ya jibu ni kuwa na vituo vya kuhifadhi data hapa nyumbani. Serikali inacho chake Kijitonyama, wilayani Kinondoni: Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, kinachofahamika kwa kifupi NIDC, chini ya usimamizi wa TTCL. Wingu Africa, yenye vituo Djibouti, Addis Ababa na Hargeisa, inacho kingine Dar es Salaam. Raxio, iliyofungua kituo Namanve nje ya Kampala mwaka 2021, nayo iliitaja Dar es Salaam katika orodha ya miji yake, na Aprili 2025 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), mkono wa Benki ya Dunia unaokopesha sekta binafsi, lilitangaza dola milioni 100 za kuiwezesha kampuni hiyo kupanuka barani Afrika. Sheria nayo inasukuma upande huo huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na benki au hospitali isiyotaka usumbufu huo itatafuta kabati la seva lililo jirani.

Ninaunga mkono ujenzi huu kwa moyo wote. Nchi isiyo na mahali pa kuweka kumbukumbu zake ni mpangaji katika nyumba ya mwingine. Lakini vituo hivi havijengwi angani. Vinajengwa Mikocheni, Tegeta, Bunju, Chang'ombe, Mbagala, katika mitaa yenye watu, visima, mitaro iliyoziba na viwanja visivyopimwa. Huko ndiko hatari zake zitakakoonekana, na muda wa kuzizuia ni mfupi sana: ni ule wa kati ya mwekezaji kupata kiwanja na fundi kuanza kuchimba msingi.

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio chakula kikuu cha jengo hili. Kituo cha data ni ghala la kompyuta zisizozimwa. Kompyuta hizo hutoa joto, joto lazima liondolewe, na kuliondoa nako kunahitaji umeme. Chukua kituo kidogo ambacho seva zake zinatumia megawati 1 muda wote. Ukiongeza vipoozeo na hasara za njiani, tukadirie nusu ya kiasi hicho kwa joto la pwani yetu, unapata megawati 1.5 usiku na mchana. Kwa mwaka ni zaidi ya uniti milioni 13. Mteja wa nyumbani wa TANESCO aliye kundi la D1 ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, yaani 900 kwa mwaka. Jengo hilo moja, ambalo kwa vipimo vya dunia ni dogo, linakula sawa na nyumba 14,600 za aina hiyo.

Hatujafika walikofika Ireland, ambako vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa mwaka 2023, na hatuko karibu kufika. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na mgawo mkali wa mwishoni mwa 2023 umebaki kumbukumbu. Tatizo la mkazi wa Mbagala au Goba kwa sasa haliko Rufiji, kwenye bwawa hilo. Liko kwenye nguzo na transfoma ya mtaani kwake, ile inayolemewa jioni watu wakiwasha feni na pasi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwekezaji ni mahususi: atajenga kituo chake cha kupozea umeme na njia yake mwenyewe kutoka kwenye msongo mkubwa, au atajiunga kwenye njia ile ile inayolisha mtaa? Jibu lake linaeleza nani atakaa gizani mwaka kesho.

Umeme ukikatika, kituo cha data hakiruhusiwi kuzima hata kwa sekunde moja. Betri hushika kwanza, kisha jenereta za dizeli zinanguruma. Mzigo wa megawati 1.5 unaunguza takribani lita 400 za dizeli kwa saa. Katizo la saa sita ni lita 2,400, na moshi wake unatua kwenye kamba za nguo na vyumba vya watoto vya nyumba za jirani. Hata pasipo katizo, jenereta hizo huwashwa mara kwa mara kwa majaribio. Kisha kuna matangi ya kuhifadhia mafuta hayo, mara nyingi chini ya ardhi, katika mji ambao familia nyingi zinaishi kwa maji ya kisima. Tangi linalovuja halipigi kelele. Mtu hugundua siku maji yanaponuka mafuta ya taa, na hapo udongo umeshanywa.

Kelele nazo zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyika. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua kupigania usingizi wao; NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, imewahi kufungia baa na kumbi za starehe kwa sababu ya muziki, na nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. Ila baa hufunga. Feni za mitambo ya kupoza hazifungi. Mji wa Chandler, Arizona, ulilazimika kutunga sheria ndogo mwaka 2022 kuhusu vituo vya data baada ya wakazi kulalamika kwa miaka juu ya mvumo usiokoma, na moja ya mambo yaliyoingia humo ni mjenzi kupima kelele za eneo kabla hajajenga. Kipimo cha kabla ndicho kinachompa jirani ushahidi wa baadaye. Bila hicho, ni neno lake dhidi ya neno la mhandisi.

Sasa maji, ambayo kwa mji huu ni kidonda kibichi. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi uzalishaji wa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300, wakati mahitaji ya mkoa yalikuwa lita milioni 544. Serikali ya mkoa ikatangaza mgawo. Aliyekuwa Dar es Salaam wakati ule anakumbuka foleni za madumu, mikokoteni iliyopandisha bei kila siku, na maboza yaliyoingia kwenye mageti ya wenye uwezo na kuyapita mengine. Kilichopunguza makali ni maji ya chini ya ardhi: Novemba 11, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa visima vya Kigamboni, eneo ambalo awali lilikuwa sehemu ya Temeke, wenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku.

Je, kituo cha data kinakunywa kiasi gani? Inategemea kimechorwa vipi, na hapa msomaji asikubali kupewa jibu la haraka. Kuna mfumo unaopoza kwa kuvukiza maji. Huo unaokoa umeme lakini maji yakishakuwa mvuke yamekwenda. Kuna mwingine unaozungusha maji yale yale ndani ya mabomba yaliyofungwa na kutoa joto nje kwa feni. Huo haugusi maji ya mtaa kwa kiasi kikubwa, lakini bili ya umeme inapanda. Katika unyevunyevu wa pwani yetu kuvukiza maji kunaleta nafuu ndogo kuliko kwenye nchi kavu, kwa hiyo mjenzi makini wa Dar es Salaam ana sababu ya kiufundi ya kuchagua mfumo uliofungwa. Lakini sababu si lazima. Umeme wa viwandani ukipanda bei na kisima kikiwa karibu, kishawishi ni kuchimba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na kwa Dar es Salaam mwenye mamlaka hayo ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Pwani yetu ina hatari ya ziada: kisima kikubwa kikivuta kupita kiasi, maji ya chumvi husogea kutoka baharini na kuingia kwenye visima vifupi vya majirani, na chumvi hiyo haiondoki kwa msimu mmoja wa mvua.

Kuna watu wa mbali waliopitia haya na wanastahili kusikilizwa. Cerrillos ni manispaa ya Santiago, mji mkuu wa Chile, nchi iliyokuwa kwenye ukame wa zaidi ya miaka kumi. Google ilipanga kituo cha data pale. Wakazi waliokaa chini na kusoma nyaraka za tathmini ya mazingira walikuta ndani yake lita 169 za maji kwa sekunde. Zidisha kwa siku nzima, unapata zaidi ya lita milioni 14, moja ya tano ya mradi wote wa Kigamboni. Waliandamana, wakaenda mahakamani, na Februari 2024 mahakama ya mazingira ya Santiago iliamuru sehemu ya tathmini irudiwe kwa kuzingatia mabadiliko ya tabianchi. Miezi michache baadaye Google ilisema itaanza mchoro upya, safari hii kwa kupoza kwa hewa. Yote yalianza kwa watu wa kawaida kusoma ripoti.

Maji yanaweza pia kuua kwa kuwa mengi. Masika ya 2024, wiki chache kabla ya intaneti kuzorota, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini. Dar es Salaam ina historia yake: mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyowahamisha wakazi wa Bonde la Msimbazi kupelekwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Kinondoni ina mito ya Mlalakuwa, Mbezi na Tegeta inayokula kingo zake na kuangusha nyumba. Temeke ina Kizinga na Mzinga. Na kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua mchezo wa kifusi: mwenye fedha anamwaga malori ya kifusi, anainua kiwanja chake mita moja, anajenga ukuta, na mvua inayofuata maji yaliyokuwa yakipita kwake yanaingia sebuleni kwa jirani.

Kituo cha data kitainua kiwanja chake, hilo halina shaka. Hakuna mhandisi atakayeweka seva za mabilioni mahali maji yanapofika. Ripoti ya mradi itaandika kwamba hatari ya mafuriko imedhibitiwa, na kwa jengo lenyewe itakuwa kweli. Ninachotaka kuona katika ripoti hiyo ni ramani ya pili, ile inayoonyesha maji yanakwenda wapi baada ya kiwanja kuinuliwa na eneo kumwagiwa zege. Mtaro unaishia wapi? Unaishia kwenye mto uliopanuliwa, kama ule wa Ng'ombe uliojengwa chini ya DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam, au unaishia nyuma ya choo cha mtu wa Yombo? Hatari ambayo imehamishiwa kwa jirani haijadhibitiwa, na nasikitika kwamba katika miji yetu hiyo ndiyo njia inayotumika zaidi.

Juu ya ardhi yenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wasomaji wanaifahamu hadithi hiyo. Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria fidia zinataka mtu alipwe thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi, gharama za usafiri na faida aliyoipoteza, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yawe na riba. Wakazi wa Kipawa waliopisha upanuzi wa uwanja wa ndege walifanyiwa tathmini 1997 na wakasubiri zaidi ya muongo mmoja. Kampuni ya data haina subira hiyo. Itanunua kwa mtu binafsi, haraka, kwa fedha taslimu. Atakayelipwa ni mwenye jina kwenye karatasi. Mpangaji wa banda la chipsi mbele ya kiwanja, mama mwenye bustani ya mchicha bondeni, fundi gereji wa chini ya mwembe, hawana karatasi. Viwango vya IFC, ambavyo kampuni inayopokea fedha zake inabanwa kuvifuata, vinawatambua watu wa namna hiyo wanapoondolewa kwa utwaaji wa lazima, lakini mauzo ya hiari baina ya watu wawili huweza kuwapita kimya kimya. Maafisa wa kata ndio wanaojua nani alikuwa akila pale. Waandike majina kabla ya mauzo.

Hatari ya mwisho ni ile inayotoka getini miaka mingi baada ya uzinduzi, ikiwa imebebwa kwenye pikapu. Kila kituo cha data kina vyumba vya betri. Za risasi huchoka baada ya miaka michache. Zinauzwa wapi? Mombasa walijifunza kwa gharama ya damu. Kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kilipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale, aligundua mtoto wake mchanga ana risasi mwilini. Akaanzisha mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Risasi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya watoto haikungoja hukumu.

Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, za mwaka 2021. Lakini pia ina soko la skrepa linalolipa fedha mkononi kwa kila betri mbovu, na watu wanaozivunja kwa nyundo uani. Mkataba wa kituo chochote cha data useme wazi betri zitachukuliwa na nani, zitapelekwa wapi, na nani ataonyeshwa stakabadhi. Betri mpya za lithiamu hazina tatizo hilo la risasi, ila zina lake: Septemba 26, 2025, moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu uliteketeza sehemu ya kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na mifumo 709 ya serikali ikazimika. Korea ina barabara pana na magari ya zimamoto ya kutosha. Nenda Keko au Tandale ujaribu kupitisha gari la zimamoto Ijumaa jioni.

Haya yote yana mahali pa kuandikwa, na sheria yetu imeshapatengeneza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamlazimu mwenye mradi mkubwa kufanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira kwa gharama zake kabla ya kuanza. Kanuni za mwaka 2005 zinaongeza jambo ambalo wachache wanalikumbuka: taarifa ya tathmini iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ni kurasa chache zinazopaswa kumweleza mkazi wa Charambe au Boko, kwa lugha anayoiota, ni nini kinakuja na kitamfanya nini.

Mashauriano ya mtaani kwa kawaida huenda hivi: wataalamu wanafika, mwenyekiti wa mtaa anaita watu, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, soda zinagawiwa, maswali mawili matatu yanaulizwa juu ya ajira za vijana. Ajira ni swali halali, na jibu la kweli ni kwamba zipo nyingi wakati wa ujenzi na chache mno baadaye, walinzi na mafundi wachache wenye ujuzi maalumu. Kisha karatasi ile ya mahudhurio inaambatanishwa kwenye ripoti ya mamia ya kurasa za Kiingereza kama ushahidi kwamba jamii imeshirikishwa. Waliosaini hawaioni tena.

NEMC inaweza kubadilisha hili bila kusubiri sheria mpya. Kabla cheti hakijatolewa kwa kituo chochote cha data, muhtasari wa Kiswahili ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kwa siku za kutosha, ukiwa na mambo yanayopimika: megawati ngapi na kutoka njia ipi, lita ngapi za maji na kutoka wapi, kelele za eneo kabla ya ujenzi, saa za kujaribu jenereta, ramani ya maji ya mvua nje ya ukuta, safari ya betri chakavu. Chini kabisa iwepo namba ya simu ya mtu wa kampuni anayelazimika kupokea malalamiko. Na pale ambapo mradi una fedha za IFC, wakazi waambiwe kwamba tangu 1999 kuna ofisi huru ya malalamiko, CAO, inayopokea barua kutoka kwa watu wanaoathirika na miradi hiyo, na kwamba barua hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.